Kabla Hujanunua Mzinga Mwingine

Nilipomaliza kurina asali kwa mara ya kwanza, mwezi wa sita, niliingia stoo ya nyumbani kwetu Isevya, Tabora mjini, nikiwa na daftari, nikaandika kila kitu nilichonunua tangu nianze kufuga nyuki. Mizinga 8 ya fremu, yaani yenye fremu za mbao za kuchomolewa, kila mmoja kwa wastani shilingi 130,000. Mizinga 4 ya viunzi, yaani yenye vijiti vya juu tu bila fremu, kila mmoja 70,000. Mavazi ya kinga jozi 3, jumla 255,000. Mashine ya kukamulia, 850,000. Kisu cha umeme cha kufunulia masega, 160,000. Vizuia malkia 8 (vyavu vya kumzuia malkia asitage kwenye sehemu ya asali), ndoo mbili zenye koki, kipima maji ya asali, bomba la moshi. Nikapata 2,930,000, ndani ya miezi 14. Asali yenyewe ilikuwa kilo 14. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nikagawanya hapo hapo: kila kilo ilikuwa imenigharimu zaidi ya 209,000, na majirani wananipa 10,000.

Mizinga hudumu miaka, najua, kwa hiyo kuitwisha gharama yote kwenye mavuno ya kwanza si haki. Kilichoniuma ni hesabu nyingine niliyoiandika chini yake. Katika mizinga ile 12, yenye nyuki ilikuwa 3.

Sifugi nyuki kwa biashara. Nafuga kwa sababu napenda. Jumamosi nikishafua na kupika, napanda bodaboda hadi shambani kwa mama, upande wa Uyui, nakaa chini ya mti mita ishirini kutoka kwenye mizinga na kuangalia tu wanavyoingia na chavua miguuni. Ninyi mliopata ugonjwa huu mzuri mkiwa na mshahara wa mwezi na ada za watoto, haya ndiyo niliyojifunza. Natamani mtu angeniambia mapema.

Kwanza jua hamu inakuja lini

Hamu ya kununua hainijii nikiwa shambani. Nikiwa shambani nina moshi machoni na mikono ina kazi. Inanijia mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, mvua zimeshika, njia ina matope, sijaona mzinga wiki tatu. Usiku watoto wamelala, nafungua simu, na kule kwenye makundi ya wafugaji kuna picha: mizinga imepakwa rangi ya samawati na nyeupe, imepangwa kama madawati, mashine za chuma cha pua zinang'aa. Muuzaji anaandika "zimebaki tano". Nimenunua vizuia malkia vyangu vyote usiku wa namna hiyo, saa nne na nusu, nikiwa nimejifunika blanketi.

Nilichokuwa nakitafuta usiku ule ni nyuki. Nilikuwa nimewakumbuka, nami nikanunua bati. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu hamu ya aina hiyo ina dawa nyingine: mpigie simu mtu wa shamba umuulize kama wanaruka, kata viunzi viwili, yeyusha nta ya mwaka jana, soma. Mimi siku hizi mwezi wa kwanza ndio nasafisha na kukaza skrubu za vitu nilivyonavyo, na nikishavishika hivyo, hamu ya vipya inatulia.

Daftari la kazi iliyonishinda

Kanuni yangu sasa ni moja, na nimeiandika jalada la ndani la daftari: sinunui kifaa mpaka kazi fulani inishinde mara mbili bila hicho kifaa. Lazima iwe mara mbili, na lazima niandike tarehe, nilikuwa nafanya nini na kilichokwama ni nini. Mara ya kwanza inaweza kuwa ni ugeni wangu tu.

Utashangaa jinsi inavyochuja. Brashi ya kupangusia nyuki kwenye sega niliitamani mwaka mzima. Nikajaribu unyoya wa bawa la bata wa mama, unafagia taratibu na nyuki hawakasiriki. Haikufika hata mara ya kwanza kwenye daftari. Chuma maalumu cha kubandulia fremu? Patasi ya zamani ya baba watoto imefanya kazi hiyo hiyo. Kisu cha umeme ndicho kinachonisikitisha zaidi, kwa sababu nilikuwa nacho kisu kirefu cha mkate jikoni. Unakichovya kwenye sufuria ya maji ya moto, unakifuta, unakipitisha juu ya sega, nta inatoka kama ngozi ya maziwa. Cha umeme bado kimo kwenye boksi lake.

Mahali pa kutobana

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Kuna watu wakishaogopa matumizi wanabana kila kitu, na kwa nyuki wetu hilo ni hatari. Nyuki wa hapa wanalinda nyumba yao kweli kweli, na wakishaanza hawaji kumi.

Vazi langu la kwanza nililinunua 35,000. Kwenye picha lilikuwa jeupe na lina kofia ya wavu, nikasema vazi ni vazi. Siku ya tatu kulivaa nilikuwa nimeinama juu ya mzinga, jioni, jasho linatiririka, na kitambaa kikanishika mgongoni. Kitambaa chembamba kikishagusa ngozi, mwiba unapita kama hakipo. Nikahisi mmoja, wa pili, kisha wavu wa kofia, ambao haukuwa na waya wa kuuweka mbali na uso, ukanilalia puani. Aliyenichoma kwenye ncha ya pua nilimwona akija. Nilichotaka wakati ule ni kuvua kofia, na hilo ndilo jambo ambalo hupaswi kulifanya kabisa. Nikaufunika mzinga, nikaondoka taratibu kupita kwenye vichaka hadi mbali, mama akanikwangua miiba kwa ukucha. Alihesabu 23. Nilitapika, usiku sikulala.

Kwa hiyo vazi, nunua zuri, na ulinunue dukani unapoweza kulishika. Vuta kitambaa, angalia kama unaona mwanga kupitia. Vaa kofia ukainame, wavu usikuguse popote. Fungua na kufunga zipu mara kumi hapo hapo. Chukua kubwa kuliko saizi yako ili uvae suruali ya jinsi na shati zito ndani. Langu la sasa ni 110,000. Buti za mpira ni 25,000, na juu ya buti nafunga ukanda wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu nyuki wanapenda kupanda kwenda juu, na kifundo cha mguu ndio mlango wao. Nunua jozi mbili za kila kitu, maana hakuna kurina peke yako. Na kama umewahi kuchomwa na mmoja tu ukavimba uso au ukabanwa pumzi, nenda hospitali ukaongee na daktari kabla hujanunua hata glavu.

Bomba la moshi nalo usilikwepe. Baba mkubwa, ambaye alirina Sikonge maisha yake yote kwa kamba, kienge cha nyasi na kikapu, alikuwa akiniambia, "Mwanangu, moshi ni moshi." Namheshimu sana na mengi ninayoyajua ni yake, lakini hapo sikubaliani naye. Kienge kinaunguza nyuki, majani yanaanguka na moto, na misitu yetu kipindi cha kiangazi inasubiri cheche tu. Bomba linatoa moshi wa baridi pale unapotaka na kwa kiasi unachotaka. Nyuki wakinusa moshi wanakimbilia kunywa asali wakijaza tumbo, na ile harufu yao ya kuitana vitani inafunikwa. Langu ni 40,000. Cha kuchoma ndani yake hakina bei: magunzi ya mahindi, kinyesi kikavu cha ng'ombe, majani makavu. Usitie plastiki wala tambara lenye mafuta.

Mbao na milimita

Hapa ndipo nilipopoteza fedha nyingi bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mizinga yangu 8 ya fremu ilitoka kwa mafundi wawili. Wa kwanza alinitengenezea minne, kazi safi. Wa pili alinipunguzia elfu tano kwa mzinga, nikaongeza minne. Yote ilionekana sawa kwa macho. Kundi la kwanza la nyuki likaingia kwenye mmoja wa mizinga ya fundi wa pili. Miezi mitatu baadaye nikaufungua, nikashika fremu ya katikati kwa vidole viwili kama nilivyofundishwa, nikavuta. Haikutoka. Nikavuta zaidi, fremu tatu zikainuka kwa pamoja, zimeshikana kama mabati yaliyopigwa misumari. Sega lilikuwa limejengwa kupita kutoka fremu moja hadi nyingine na kushuka hadi sakafuni. Nilipokata kuzitenganisha asali ikamwagika ndani, majana meupe, watoto wa nyuki, yakakatika, nyuki wakazama kwenye asali yao wenyewe. Sikulia, ila nilikaa kimya njia nzima kurudi nyumbani.

Sababu ni milimita. Mchungaji mmoja wa Marekani, Lorenzo Langstroth, aliyepata hataza ya mzinga wake mwaka 1852, alijenga kila kitu juu ya jambo moja: nyuki wakikuta mwanya wa kati ya milimita 6 na 9 hivi wanauacha kama njia ya kupita. Ukiwa mdogo zaidi wanauziba kwa gundi yao, ukiwa mkubwa zaidi wanajenga sega. Mzinga wa fremu ukikosa hapo ni sanduku la bei kubwa. Fremu za yule fundi wa pili zilikuwa fupi, zikaacha mianya ya milimita 15 pembeni, na haziingiliani na zile za fundi wa kwanza. Nimebaki na mizinga ya aina mbili isiyoazimana hata fremu moja.

Kwa mtu anayeanza, mimi nasema anza na mizinga ya viunzi. Ni sanduku refu lenye vijiti vya mbao vimepangwa juu bila nafasi kati yake, na nyuki wananing'iniza masega yao kwenye kila kijiti. Haitaki fremu, waya, vizuia malkia wala mashine. Fundi yeyote wa kitanda anaweza kuutengeneza, mradi umsimamie kwenye kipimo kimoja: upana wa kila kiunzi uwe milimita 32, maana huo ndio unaowafaa nyuki wa Afrika. Vipimo vya vitabu vya Ulaya ni vipana zaidi. Nenda na rula yako ukapime kila kiunzi kabla hujalipa nusu ya pili. Fundi wangu wa sasa pale Ng'ambo alinuna siku ya kwanza, siku hizi ananiambia, "Mwalimu, njoo na rula, nimemaliza." Na ukichagua fundi, baki naye.

Mizinga ya magome ambayo wazee wetu walitundika sina haja ya kuisifia hapa ingawa haina gharama. Mti ukichunwa gome lake kuzunguka unakufa, na miyombo ndiyo inayolisha hao nyuki.

Mashine

Mashine ya kukamulia ndiyo kila mtu anaitamani. Niliikopea kwenye kikoba, nikailipa miezi kumi pamoja na riba, na mwezi mmoja katika hiyo kumi nililipa ada ya mtoto nusu.

Siku ya kurina nilikuwa na fremu 4 zilizojaa na kufunikwa nta. Mashine ina nafasi ya fremu 4. Nikazungusha dakika chache, nikageuza, nikazungusha tena. Imekwisha. Kuiosha kulichukua saa nzima na maji ya ndoo tatu, na kipindi hicho maji yalikuwa ya kununua. Asali ya mizinga miwili ya viunzi haikuingia kabisa, kwa sababu sega lisilo na fremu linavunjika likizungushwa. Hiyo niliikamua kama mama anavyokamua tui: masega yamepondwa kwenye ndoo safi, yamemiminwa kwenye kitambaa kilichofungwa mdomoni mwa ndoo nyingine, yameachwa sehemu yenye joto usiku kucha na mfuniko juu ili sisimizi wasiingie. Asubuhi asali iko chini, nta iko juu, na nta hiyo ndiyo unayohitaji kwa jambo nitakalolieleza sasa hivi.

Kama una mizinga ya fremu chini ya kumi yenye nyuki, na nasisitiza yenye nyuki, azima au kodisha mashine. Mnaweza kununua moja watu sita. Kikundi kikiwa na ratiba, wiki moja ya mwezi wa sita inawatosha wote.

Kipima maji nacho kinasubiri. Asali inayokaa vizuri isizidi asilimia 20 ya maji, na nyuki wenyewe hawafuniki sega kwa nta mpaka iwe imekauka vya kutosha. Kata sega lililofunikwa kuanzia robo tatu kwenda juu, liache lililo wazi, na usirine siku ya mvua. Kifaa hicho kinakuwa na maana siku utakapouza kwa mtu anayekudai namba.

Mzinga mtupu

Mizinga 9 yangu ilikaa tupu, na kila ilipokaa tupu mimi niliongeza mwingine, nikidhani nyuki watakuja kwa wingi wa nyumba. Baba mkubwa alikuja kuniangalia. Alizunguka manzuki yote, pale mizinga ilipo, kimya, akainua mfuniko wa mmoja, akanusa ndani. Akaniambia, "Unanuka rangi." Akainua mwingine: buibui. Wa tatu: mjusi. Kisha akauliza maji yako wapi, nikamwonyesha bwawa la ng'ombe, mwendo wa nusu saa.

Tulichofanya siku hiyo hakikugharimu hata elfu kumi. Tulikwangua rangi ya ndani. Tuliyeyusha nta ya masega ya zamani tukaipaka ndani ya mlango na chini ya viunzi, mstari mwembamba katikati, ili nyuki wajue pa kuanzia. Tulihamisha mizinga 5 kutoka uwazini hadi kwenye kivuli cha miti, tukaitundika kwa waya usawa wa kifua, nyegere asifike kirahisi na mtu asihitaji ngazi. Waya tukaupaka grisi kuzuia sisimizi. Beseni la maji lenye vijiti vinavyoelea likawekwa karibu. Ilipofika mwezi wa tatu, mizinga 6 kati ya 12 ilikuwa na nyuki, na mwaka uliofuata 8.

Kwa hiyo kipimo changu cha kununua mzinga ni hiki: robo tatu ya niliyonayo iwe na nyuki waliokaa msimu mzima. Chini ya hapo, kama mkono unawasha, fedha ile inunue nauli ya kwenda kuiangalia mizinga iliyopo. Nyuki wetu huhama wakikosa maji au chakula au wakisumbuliwa, na mzinga uliohamwa ukikaa mwezi bila kuangaliwa nondo wa nta wanaumaliza.

Fedha zenyewe

Nina laini ya pili ya simu, ya nyuki tu. Asali ikiuzwa, fedha inaingia humo. Kifaa kikinunuliwa, kinanunuliwa na humo. Mshahara hauvuki kwenda huko, wala kikoba. Mwaka wa kwanza wa utaratibu huu laini ilikuwa na 60,000, na nilinunua ndoo mbili na buti. Baba watoto nilimwonyesha lile daftari lote, na ile 2,930,000, jambo nililokuwa nimelikwepa kwa miezi. Hakugomba. Aliuliza tu kila kitu ni cha nini, kimoja kimoja, na kila nilipokwama kueleza nilijua jibu mwenyewe. Tangu hapo, kabla ya kununua, namweleza kifaa ni cha kazi gani.

Mtu akiniuliza aanze na nini, namwandikia hivi: mizinga 3 ya viunzi 210,000, mavazi mawili mazuri 220,000, buti jozi mbili 50,000, bomba 40,000, ndoo mbili zenye mifuniko 20,000, kitambaa 5,000. Jumla 545,000 kwa bei nilizolipa mimi. Kisu na patasi viko nyumbani kwako. Kabla ya hata hayo, aende akaongee na afisa nyuki wa halmashauri yake, na kwa sisi wa Tabora chuo cha ufugaji nyuki kiko hapa hapa mjini, hatuna sababu ya kufundishwa na picha za wauzaji. Kisha aombe kumsindikiza mtu kurina mara moja, avae vazi la kuazima. Wapo wanaogundua siku hiyo kwamba wanapenda asali tu.

Vya ziada nilivyokuwa navyo nimeviuza, isipokuwa kisu cha umeme, ambacho bado hakijapata mtu. Vizuia malkia viliondoka kwa nusu bei. Mashine niliiuza 600,000 kwa kikundi kimoja cha wafugaji, kwa makubaliano kwamba kila mwezi wa sita naitumia siku moja bila malipo. Fedha ile ililipa ada iliyobaki.

Daftari la mwaka huu lina mistari miwili. Wa kwanza, tarehe 8 mwezi wa tatu: kopo la bomba limetoboka chini, moshi unatoka kwa pembeni. Wa pili, tarehe 22 mwezi huo huo: limetoboka zaidi, nimeunguza glavu. Jumamosi naenda kununua lingine.